Somo la Ufundi: Kulinda Mng'ao wa Bati la Rangi Siku ya Kulifunga

Bati la paa linapoota kutu visiwani, lawama hupelekwa baharini. Husemwa kwamba hewa ya chumvi ndiyo iliyolila, na mazungumzo huishia hapo. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini imekuwa kifuniko cha makosa mengi yanayofanywa na mikono ya watu. Kwa sababu hiyo yafaa kutazama mahali ambapo chumvi ya bahari haipo kabisa, na kuona kama bati la huko husalimika.

Mikoa ya Shinyanga na Geita, katika Tanzania Bara, iko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, kwenye uwanda wa juu unaozidi mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Maji makubwa yaliyo jirani ni ya Ziwa Victoria, nayo hayana chumvi. Shinyanga, zaidi ya hayo, ni mkoa mkavu wenye kiangazi kirefu. Kwa kipimo cha hali ya hewa peke yake, bati la rangi lililoezekwa huko lingepaswa kudumu na mng'ao wake kwa miaka mingi. Hata hivyo, mtu asafiriye kutoka Shinyanga mjini kwenda Kahama, kisha Masumbwe, Ushirombo na Katoro hadi Geita, hakosi kuona mapaa mekundu, ya kijani na ya buluu yenye madoa ya kahawia yaliyojipanga katika mistari iliyonyooka. Mistari hiyo hufuata papi, yaani zile mbao nyembamba zilizolala chini ya bati. Maana yake ni kwamba kutu imefuata skrubu na misumari. Kasoro ya namna hiyo haikuletwa na upepo; ilitiwa siku paa lilipofungwa.

Mapaa yaliyotokana na pamba na dhahabu

Zamani nyumba ya kawaida katika nchi ya Wasukuma ilikuwa msonge wa udongo ulioezekwa kwa nyasi. Bati jeupe lilipoingia likawa alama ya mkulima aliyevuna pamba vizuri. Baadaye zikaja fedha za madini. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianzishwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi ulizalisha kuanzia mwaka 2009 hadi 2021. Pembeni mwa migodi hiyo wamekuwapo siku zote wachimbaji wadogo, ambao tangu kufunguliwa kwa soko la dhahabu la Geita mwezi Machi 2019 wana mahali rasmi pa kuuzia walichokipata. Fedha hiyo, iwe nyingi au kidogo, mara nyingi huishia juu ya nyumba.

Bati linalopendwa siku hizi ni la rangi, katika maumbo ya msauzi, ya mgongo mpana na ya vigae. Lazima isemwe wazi kwamba mwenye nyumba halinunui kwa ajili ya kuzuia mvua tu, kwa kuwa bati jeupe huzuia mvua vilevile na kwa bei ndogo zaidi. Anachokiongezea fedha ni ule mng'ao. Kwa hiyo fundi anayeukwaruza siku ya kwanza amemharibia mteja kile hasa alicholipia.

Kwa majengo ya umma jambo ni zito zaidi. Katika vijiji vingi vya mikoa hiyo wananchi huchangishana, hufyatua matofali, husomba mchanga na maji, na kunyanyua boma la darasa au la zahanati hadi usawa wa lenta. Baada ya hapo husubiri halmashauri ilete fedha za kupaua. Wakati mwingine husubiri kwa miaka. Bati linapofika hatimaye, huwa limebeba jasho la wazazi walioanza kuchangia mtoto akiwa darasa la kwanza. Paa hilo likianza kuvuja kwenye matundu ya misumari kabla mtoto huyo hajamaliza skuli, hakuna fungu jingine linalolisubiri.

Bati la rangi lilivyoumbwa

Ni vigumu kulinda kitu kisichofahamika. Bati la rangi lina tabaka kadhaa. Katikati pana chuma chembamba, ambacho unene wake hutajwa kwa geji: geji 28 ni takriban milimita 0.4, na geji 30 ni takriban milimita 0.3. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba, na wanunuzi wengi hulichukulia jambo hilo kinyume. Juu ya chuma hupakwa zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini. Juu ya zinki huja praima, na juu ya praima ndipo huja rangi yenyewe inayong'aa.

Rangi hiyo haipakwi kwa brashi. Bati hupakwa kiwandani likiwa bado ni utepe mrefu uliozungushwa, hupitishwa katika tanuri, na baadaye ndipo hukunjwa migongo. Ufundi huu ulianza Marekani katika miaka ya 1930, mwanzoni kwa ajili ya vipande vya mapazia ya madirisha. Kwa kuwa rangi imeokwa, hushika vizuri na kung'aa kuliko ipakwayo kwa mkono. Lakini ni nyembamba mno. Praima na rangi kwa pamoja, upande wa juu, kwa kawaida ni mikroni 25 hivi. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Mng'ao wote unaoonekana kutoka barabarani, basi, ni theluthi moja tu ya unene wa unywele.

Chini yake, zinki ina kazi ya pekee. Chuma kikichunwa kidogo, zinki iliyo jirani huliwa kwanza badala ya chuma, na hivyo mkwaruzo mwembamba hauoti kutu upesi. Mafundi wengi hulitegemea jambo hili bila kujua kwamba lina kikomo. Bati lililopakwa zinki gramu 100 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa, lina mikroni 7 tu za zinki kila upande. Kwa mujibu wa makundi ya kiwango cha kimataifa cha ISO 9223, mahali pakavu mbali na bahari zinki iliyo wazi hupungua kwa chini ya mikroni 1 kwa mwaka. Ufuoni penye chumvi nyingi yaweza kupungua kwa mikroni 4 hata 8. Hapa ndipo ilipo tofauti halisi kati ya bara na visiwa. Mkwaruzo uleule ambao Shinyanga utachukua miaka saba au zaidi kula zinki yake, katika pwani ya Unguja au Pemba waweza kuimaliza katika mwaka mmoja au miwili. Bahari haianzishi kidonda. Inaharakisha tu kile kilichokwisha kufunguliwa.

Tundu na kile kinacholiziba

Kila skrubu ni tundu lililotobolewa makusudi katika ngao. Kinacholiziba si kichwa cha skrubu, bali ni washa ya raba iliyo chini yake. Skrubu nzuri ya bati huwa na washa ya chuma iliyogandishwa raba upande wa chini, nayo ndiyo inayogusa rangi. Chuma hakipaswi kugusa rangi hata mara moja.

Kosa la kwanza na lililo kubwa ni kukaza kupita kiasi. Fundi hudhani kwamba skrubu ikizama ndivyo paa linavyokuwa imara. Raba inapobanwa kupita kiasi hupasuka au kutoroka pembeni, na ukingo wa washa ya chuma hukata rangi kwa mduara uliokamilika kama uliochorwa kwa bikari. Wakati huohuo bati hudidimia na kufanya kibeseni kidogo kuzunguka tundu, nacho hushika maji kila mvua inaponyesha. Ukitaka kutengeneza chombo cha kuoteshea kutu, hakuna njia bora zaidi ya hiyo. Kipimo kinachofaa ni rahisi: raba ionekane imejaa hadi ukingoni mwa washa, isizungushike kwa vidole, na isiwe imevimba nje. Anayetumia drili ya betri aiweke pete yake ya nguvu kwenye namba ndogo, ajaribu skrubu mbili tatu kwenye kipande cha bati kilichokatwa, kisha ndipo apande juu.

Skrubu iwekwe juu ya mgongo wa bati na si bondeni, ili maji yapite mbali na tundu. Lakini mgongo hauna mbao inayougusa moja kwa moja, kwa hiyo ukikazwa sana hubonyea. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na mkono mwepesi.

Kosa la pili ni msumari. Msumari wa bati wenye kofia ulifanya kazi yake vyema kwenye bati jeupe la zamani, na hakuna haja ya kuutukana. Kwenye bati la rangi, hata hivyo, nyundo ikikosea mara moja huacha alama isiyofutika, na kofia ya msumari huzungukazunguka inapogongwa na kusaga rangi. Isitoshe, msumari hulegea. Bati hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Bati la mita 6 ambalo alfajiri lina nyuzi 18 na saa saba mchana limefika nyuzi 63 hurefuka kwa zaidi ya milimita 3. Mwendo huo hutokea kila siku ya jua, kwenda na kurudi. Raba laini huuvumilia. Kofia ya chuma husugua, na msumari hung'oka taratibu kama jino.

Chenga za chuma

Katika mambo yote yanayoharibu mng'ao, hili ndilo linaloleta ugomvi mwingi zaidi kati ya mwenye nyumba, fundi na muuza duka. Paa limekwisha, limependeza, watu wamepongezana. Siku mbili baadaye linaonekana limejaa nukta ndogo za kahawia kana kwamba limenyunyiziwa kahawa. Mwenye nyumba hurudi dukani akidai ameuziwa bati bandia.

Aghalabu bati halina kosa. Skrubu inapojitoboa yenyewe, hutupa nje chenga nyembamba za chuma, zikiwa na moto. Chenga hizo huanguka kwenye rangi na kunata. Umande wa usiku mmoja unatosha kuziotesha kutu, kwa kuwa hazina zinki wala rangi. Kutu yake huingia katika rangi na kuacha doa ambalo halitoki bila kusugua, na kusugua huondoa mng'ao. Mwezi Novemba, mvua za kwanza zinapoanza katika mikoa hiyo na mafundi wana haraka ya kuwahi, hakuna anayekumbuka kufagia.

Dawa yake haina gharama. Chenga zifagiliwe kwa ufagio laini au brashi ya nywele mara kila mstari wa skrubu unapokamilika, na kabla ya jua kutua paa lote lipitiwe kwa kitambaa kikavu au limwagiwe maji. Kufagia kesho yake asubuhi ni kuchelewa.

Mashine ya kukatia ya grinda ni mbaya zaidi ya drili. Cheche zake ni chuma kilichoyeyuka. Kila moja hutoboa rangi na kujizika ndani yake. Aidha, joto la gurudumu huunguza rangi na zinki kwenye ukingo uliokatwa, kiasi kwamba ukingo huo hubaki uchi. Bati la rangi likatwe kwa mkasi wa bati. Pale ambapo grinda haiepukiki, kukata kufanyike chini, mbali na mabati mengine, na upande wenye rangi ukiwa umelazwa chini. Katika viwanja vya ujenzi vya mikoa ya madini, ambako mashine za kuchomelea na kukatia zinapatikana kila kona kwa sababu ya kazi za migodini, kishawishi cha kutumia grinda ni kikubwa, na msimamizi hana budi kulikataza jambo hili kabla kazi haijaanza.

Yapo pia mambo madogo ambayo mafundi wazee huyajua na vijana huyapuuza. Bati lisichorwe kwa penseli, kwa sababu ule weusi wake huchokoza zinki ioze. Itumike chaki au kalamu ya wino mzito. Lisichorwe kwa ncha ya msumari kwa hali yoyote. Lisiburutwe kutoka kwenye mkokoteni au guta, bali linyanyuliwe na watu wawili likiwa limesimama kwa ubavu. Na viatu vikaguliwe nyayo kabla ya kupanda ngazi. Ardhi ya Geita na Kahama imejaa vipande vya jiwe jeupe lile ambalo wachimbaji hulifuata kwa kuwa ndani yake hupatikana dhahabu. Jiwe hilo ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Kipande kimoja kilichonasa chini ya raba ya kiatu huandika paa zima kama kalamu.

Pale inapotumika bolti na nati

Paa likishafungwa, huja watu wengine: wa dishi la televisheni, wa bango, wa umemejua, wa mtego wa radi. Kila mmoja huleta bolti zake. Fundi wa paa aliyekuwa mwangalifu hayupo tena, na mara nyingi madhara hutokea hapa.

Tundu la bolti litobolewe kubwa kidogo kuliko bolti, milimita 1 au 2, ili bati lipate nafasi ya kutanuka. Kabla ya kutoboa, mahali hapo pabandikwe utepe wa karatasi ambao baadaye hubanduliwa. Utepe huo huzuia drili isiteleze na huzikamata chenga. Ukingo wa tundu ulainishwe kwa kuzungusha kwa mkono ncha ya drili kubwa zaidi, kisha upakwe rangi yenye zinki na uachwe ukauke. Ndipo iwekwe washa ya raba au ya nailoni juu ya mng'ao, na juu yake washa ya chuma.

Kanuni inayofuata ndiyo inayostahili kukumbukwa kuliko zote: kichwa cha bolti, kilicho upande wa mng'ao, kishikwe kisizunguke, kinachozungushwa ni nati iliyo upande wa ndani. Bolti inayozungushwa kutoka juu husaga rangi kila inapokazwa. Mtu mmoja asimame juu na spana iliyozungushiwa kitambaa, na mwenzake awe ndani ya dari. Kama hakuna wa pili, kazi isubiri. Spana nayo huteleza, kwa hiyo inafaa kuwa na kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka dumu la mafuta, chenye tundu katikati linalotosha kupitisha kichwa cha bolti. Huwekwa juu ya rangi kama ngao, na spana ikiteleza hukwaruza plastiki.

Kwa paneli za umemejua, fremu yake isitobolewe. Itumike mikono ya kubania iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na isikazwe hadi kioo kikalalamika. Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, imechaguliwa kwa mradi wa umemejua uliopangwa kufikia megawati 150, na bila shaka mafundi wa eneo hilo watazidi kuizoea kazi hii.

Suala la mitego ya radi linahitaji uangalifu wa pekee. Tarehe 27 Januari 2025 radi iliua wanafunzi katika Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Kanda ya Ziwa hupigwa na radi nyingi, na hakuna mng'ao wa bati wenye thamani mbele ya uhai wa mtoto. Skuli inayohitaji mtego wa radi iupate. Lakini utepe wa shaba haupaswi kulazwa moja kwa moja juu ya bati lenye zinki. Maji ya mvua yanayopita kwenye shaba hubeba chembe zake na kula zinki kila yanapotiririka, hata pale shaba yenyewe isipogusa. Utepe upitishwe juu ya vishikizi vya plastiki, uteremke ukutani kwa njia fupi, na panapobidi kuungana na chuma kitumike kiungio maalumu cha metali mbili. Fundi umeme aulizwe swali hilo kabla hajapanda.

Vinavyogusana na bati

Shaba hujificha pia ndani ya mbao. Mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani hafifu, mara nyingi zimetiwa dawa yenye chumvi za shaba. Zikiwa bado mbichi na zenye unyevu hula bati upande wa chini na shina la skrubu pia. Ziachwe zikauke kabisa kabla ya kupauliwa, jambo ambalo kwa kiangazi cha Shinyanga si gumu, ila visiwani linahitaji subira.

Gundi ya silikoni inayonuka kama siki isitumike kuziba matundu, kwa kuwa ile asidi yake hushambulia zinki. Iko aina isiyo na harufu hiyo. Nailoni inayokuja imebandikwa juu ya bati au ya ubao wa bango ni ulinzi mzuri wakati wa kubeba, lakini ibanduliwe kwenye maeneo ya bolti kabla ya kufunga, vinginevyo hubanwa chini ya washa na kushika maji. Sehemu iliyobaki iondolewe kazi inapokwisha. Jua la wiki chache huioka, na baada ya hapo hutoka pamoja na mng'ao.

Mabati yanayosubiri kufungwa yasilazwe yamelowa yakiwa yamebanana. Yawekwe juu ya magogo, upande mmoja ukiinuliwa, na yafunikwe huku yakipata hewa. Bohari nyingi za halmashauri huhifadhi saruji vizuri na mabati vibaya.

Katika vijiji vya uchimbaji kuna adui mwingine ambaye visiwani hayupo. Mabanda yanayosafishiwa dhahabu kwa asidi hutoa mvuke unaokula zinki upesi, na zebaki ni adui mkubwa wa alumini. Paa la banda kama hilo halitadumu hata likifungwa kwa ustadi wote, na maji ya mvua yanayotoka juu yake yasikingwe kwa matumizi ya nyumbani.

Usimamizi na hati za kazi

Kwa watumishi wa umma, mengi ya hayo hapo juu huamuliwa mezani kabla fundi hajaonekana. Makadirio ya vifaa yanayoandika "misumari ya bati, kilo kadhaa" yamekwisha kuliharibu paa. Yaandikwe skrubu zenye washa ya raba, urefu wake, na rangi inayolingana na bati. Uandikwe pia mkasi wa bati, rangi ya kuziba mikwaruzo na washa za akiba. Gharama ya vitu hivyo vyote ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mabati yenyewe.

Katika ujenzi unaotumia mafundi wa eneo na kamati za wananchi, kamati ya mapokezi huhesabu mabati yanaposhushwa na kutia saini, na kamati ya ujenzi hukagua paa likiwa limekamilika. Siku iliyo katikati, ile ya kufunga, mara nyingi haina mwenyewe. Ingefaa mjumbe mmoja, na kwa visiwani sheha au mwakilishi wake, awepo siku hiyo tangu asubuhi, asiwe na kazi nyingine ila kutazama raba, chenga na viatu. Hahitaji kuwa mhandisi. Fundi naye asilipwe kwa idadi ya mabati anayofunga kwa siku, maana malipo ya namna hiyo ndiyo yanayonunua haraka. Si haki kumlaumu fundi kwa kukimbia wakati mkataba umemtaka akimbie.

Jioni, baada ya kufagia, mikwaruzo iliyotokea izibwe kwa rangi ya bati lilelile, kwa njiti ya kiberiti na si kwa brashi. Rangi ya kupaka kwa mkono hupauka kwa kasi tofauti na ile iliyookwa kiwandani. Nukta ndogo haitaonekana, lakini bango la brashi litajitokeza baada ya mwaka mmoja kama kiraka kwenye shati. Mkwaruzo ulio mwembamba mno, ambao haujaonyesha chuma, uachwe ulivyo.

Jina la kiwanda, geji na namba ya rangi viandikwe katika daftari la bohari pamoja na tarehe ya kufunga, kwa kuwa neno "nyekundu" halitamsaidia mtu yeyote atakayetafuta bati la kubadilisha. Bati moja zima na skrubu zisizopungua hamsini vihifadhiwe ndani, mahali pakavu, kwa jina la jengo hilo.